Kofia ya Mzee Lukumani

Kila asubuhi Kuluthumu alikuwa akichota maji bombani, akifagia ua, kisha akimpitia rafiki yake Mwanajuma waongozane kwenda shule. Wiki ile alifagia mahali pamoja mara tatu, halafu nusu nyingine ya ua akaisahau. Moyo haukutulia. Mwanajuma alikuwa na siku nne haji shule, na aliyemfukuza ni yeye.

Mambo yalianzia msibani. Mzee Lukumani, seremala wa mtaa wa Isevya na baba yake Mwanajuma, alikuwa amefariki. Siku ya kuanua matanga jirani yao, Bi Zamda, alivaa kofia ya marehemu, akashika randa, akachechemea uani akizigombeza mbao kama alivyozoea marehemu mwenyewe. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Bi Zamda ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, kabila la marehemu, tangu enzi za wapagazi wa misafara ya pwani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Kuluthumu akaona kumbe kuchekesha ni rahisi. Mwalimu Ambrosi alipotafuta mtoto wa kutoa kichekesho kwenye sherehe ya Saba Saba ijayo, aliruka mbele, akachechemea, akaligombeza dawati. Darasa lilivunjika mbavu. Mwanajuma, aliyerudi shule asubuhi ile ile, alichukua daftari lake akatoka.

Siku ya tano Kuluthumu alimwendea Bi Zamda, akamkuta anapepeta mchele.

“Shikamoo, Bi Zamda.”

“Marahaba, mpagazi wangu. Mbona huna raha? Umeangusha mzigo wa nani njiani?”

Kuluthumu alieleza yote bila kuficha. “Lakini nilifanya kama wewe tu,” akamalizia.

“Mimi ni mtani. Wewe ni Mnyamwezi mwenzake. Tena kabla sijavaa ile kofia, uliniona wapi?”

“Sikukuona.”

“Nilikuwa jikoni. Siku tatu nimeosha masufuria, nimewapikia wafiwa, nimelala mkekani na mjane. Kofia alinipa yeye kwa mkono wake. Wewe ulimwomba nani?”

Kuluthumu aliona haya. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwanajuma, akamkuta akitwanga mahindi.

“Nimekukosea,” alisema. “Nilimwigiza baba yako ili nisifiwe.”

Mwanajuma aliendelea kutwanga. Kuluthumu akachukua mchi wa pili, wakatwanga kwa kupokezana. Kesho yake alirudi, na keshokutwa yake pia. Siku hiyo Mwanajuma aliuweka mchi chini.

“Hata hukumwigiza vizuri. Baba alianza kwa adabu.” Akaokota kipande cha ubao. “Ndugu ubao, nakuomba unyooke. Hutaki? Haya, utakuwa kigoda.”

Ndani ya nyumba mama yake, aliyekuwa amekaa eda, alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya Saba Saba waliigiza pamoja: Mwanajuma alikuwa seremala, na Kuluthumu alikuwa ubao. Watu walishika matumbo. Walipomaliza, Bi Zamda aliwaita.

“Leo mmechekesha. Anayetaka kumchekesha mwenye uchungu, kwanza amsaidie kuubeba. Na akikosea, aende mwenyewe akaseme amekosea.” Kisha akamtazama Kuluthumu. “Ila wewe mpagazi, ubao unakufaa kuliko useremala.”