Kikombe cha Mchochea Moto

Rafiki yangu mmoja ni fundi wa kukata vyuma, na si mtu wa kutunga maneno. Alitumwa kwenye karakana ya reli akaikate injini ya mvuke ya mwisho ya aina ile ambayo madereva waliibatiza Mama Mkwe, maana ukiikosea adabu ilinuna katikati ya mlima. Nyingine zote zilikuwa zimeshakuwa vyuma chakavu.

Marehemu baba yake alikuwa mchochea moto wa injini hiyohiyo, na alifia humo kazini. Asubuhi mama yake alimwambia, "Ukikiona kikombe cha baba yako, niletee. Mwili waliuleta, kikombe hakikurudi."

Bandani mlikuwa na giza hata mchana. Alipopanda kwenye injini, alisikia koleo likigonga mlango wa tanuri mara mbili, taratibu, jinsi wachochea moto walivyomtahadharisha dereva kabla ya kutupa makaa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaitikia kutoka mbali, getini.

Akawasha tochi. Mlango wa tanuri ulikuwa umetandwa na buibui. Juu yake, kwenye kibao walikopashia chai moto, kilikaa kikombe cha bati. Akakishika, kikamuunguza vidole.

Hakukata kitu siku ile. Alikibeba kwa kitambaa, akaenda nacho nyumbani kwa miguu, akivuka mji mzima. Mama yake alikipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani, machozi yakamtoka.

"Mwanangu," akasema, "ungemwacha amalize kwanza."

Chai ilikuwa nusu, na bado ilikuwa inafuka.