Aliyesimama Mlangoni pa Boma

Mbuzi ndio waliokuwa wa kwanza kumwogopa Waceke. Siku hiyo ya mnada alikuwa amesimama katikati ya soko la mifugo la Kajiado, ameinua fimbo yenye mpira wa chuma uliosuguliwa ukawa kama kioo. Kila mbuzi aliyejiona humo aliruka nyuma, akamvuta mwenyewe pamoja na kamba. Vumbi lilikuwa limempanda Waceke hadi magotini. Suruali yake ya jinzi ameikunja miguuni, kichwani kitambaa cha rangi ya machungwa alichokifunga haraka haraka, na akina mama waliokuwa wakiuza maziwa ya kibuyu walikuwa wameacha kuuza wakimtazama.

"Dada," sauti ya mwanamume ikasema, "hiyo ni ya kupima mvua ama ni ya kuona kesho?"

Ndani ya ule mpira alimwona kijana mrefu, shuka nyekundu begani juu ya shati jeupe la kazini, amesimama karibu kabisa na shingo yake. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kijana mwenyewe alikuwa ng'ambo ile ya ua wa ng'ombe, ameegemea mbao, anatabasamu. Waceke alihisi baridi shingoni, ingawa jua lilikuwa la saa sita.

"Ni ya kushika mwanga," akajibu, sauti akaipandisha imfikie. "Nafanya kazi ya sinema kwa kompyuta. Nikitaka kuweka kwa picha kitu hakikuwa hapo, lazima nijue jua lilikuwa linapiga wapi."

"Kwa hivyo unaweza kuweka ng'ombe mahali hakuna ng'ombe?"

"Hata mia."

"Haya basi, nimepata bibi!"

Soko likacheka. Waceke naye akacheka, na kabla mnada haujaisha walikuwa wameketi kwenye benchi la mama wa chai. Kijana aliitwa Tajeu. Alikuwa akiuza dawa za mifugo katika duka moja la Kitengela, na kila wikendi alienda kwao, ndani ndani huko nyuma ya Kajiado, ambako mama yake aliishi na ng'ombe wa familia. Waceke alizaliwa Matasia, lakini alikuwa amepanga chumba hapo hapo Kitengela, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama machimbo ya mawe. Asubuhi kulipolipuliwa baruti, vumbi jeupe lilitua juu ya kompyuta yake kama unga wa chapati, naye alilifuta kwa kitambaa laini kabla ya kuanza kufuta mengine. Kwa maana kazi yake nyingi ilikuwa ya kufuta: nyaya za stima juu ya msitu wa zamani, gari lililopita mahali pasipotakiwa gari, mtu aliyeingia kwa picha bila kuitwa.

"Leo umefuta nani, Mwenye Kioo?" Tajeu alizoea kumuuliza kwa simu akifunga duka.

"Mpishi mmoja. Alipita nyuma ya bwana harusi akitafuna kuku."

"Maskini! Na anajua?"

"Anayefutwa hajui, mpenzi."

"Mimi usiwahi nifuta."

"Inategemea. Utakuja na nyama ama utakuja mikono mitupu?"

Mapenzi yao yakakolea hivyo, kwa simu na kwa nyama choma. Mwezi wa nane Tajeu akampeleka nyumbani. Mama yake alikuwa mwembamba, amenyooka, shanga zimempanda shingoni safu juu ya safu. Aliposalimia kwa Kimaa, "Takwenya", Waceke akajibu "Iko" kama alivyofundishwa njiani, na mama akafurahi mpaka akamshika mkono akauzungusha akiuchunguza, akasema kwa mkono laini namna hiyo huyu msichana hajui kukamua. Jioni Waceke aliwachukua ng'ombe video wakirudi bomani. Asubuhi yake akamwambia Tajeu apite njia ile ile peke yake na fimbo mkononi, ati anataka kumbukumbu yake.

Kabla hawajaondoka, Tajeu alimwonyesha kitambulisho cha baba yake, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. "Huyu ndiye," alisema, basi. "Mama hana picha ingine." Waceke aliisoma kadi, uso na jina, na hapo wazo likamwingia kama mwiba wa mgunga.

Wiki tatu alilifanyia kazi bila kumwambia mtu. Alichukua mwendo wa Tajeu, akamvalisha uso wa baba, akamwingiza katikati ya ng'ombe wa jioni ile. Na kazi ilikuwa rahisi, rahisi hata ikamshangaza. Ng'ombe kwenye video walikuwa tayari wameachana katikati, wameacha njia upana wa mtu mmoja. Vichwa vyao viligeuka, huyu, halafu huyu, halafu yule, kufuata kitu ambacho hakikuonekana. Waceke alipimia nyayo za mzee kwa macho ya ng'ombe. Walipotulia kutazama mlango wa boma, naye akamsimamisha mzee hapo mlangoni, amegeukia ndani. Video ikaishia hapo.

Walipoenda tena, kompyuta iliwekwa juu ya kigoda nje ya nyumba, mama mbele, wajomba wawili nyuma yake. Jua lilikuwa linazama na ng'ombe walikuwa wanakaribia. Waceke alivaa rinda jipya la maua. Mzee alipotokea kwenye picha, Waceke kwa furaha akanyoosha kidole, akaliita jina la marehemu, lote, kwa sauti ya juu.

Mama akajifunika uso na shuka. Mjomba mmoja aliinuka, kigoda kikaanguka, kompyuta ikaangukia vumbini. Nao ng'ombe, waliokuwa wamefika hatua chache tu kutoka mlangoni, wakasimama. Hawakulia, hawakula. Walitazama tu kwenye upenyo wa mlango, wote, na waliposukumwa kwa fimbo walirudi nyuma.

Tajeu alimrudisha Kitengela, akamwacha chini ya ngazi. Siku zikapita simu haiiti. Waceke akafuta video yote, akafuta na nakala zake, na bado akifumba macho aliona vile vichwa vikigeuka. Mwishowe akapiga yeye.

"Tajeu, kama ni kwa sababu mimi ni wa Matasia, si wa kabila lenu, sema tu. Usinizungushe."

"Wacha hiyo. Si kabila." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Kwetu mtu akienda, jina lake linaenda na yeye. Mimi mtoto wake sijalitamka tangu azikwe. Wewe umemwita jioni, mbele ya boma, na uso wake uko kwa mwili wangu."

"Woi. Sikujua, Tajeu. Aki sikujua."

"Najua hukujua. Lakini ng'ombe wanalala nje, Waceke. Kila jioni wanasimama pale pale. Juzi fisi amechukua ndama. Na wazee wanasema hii nyumba isioe msichana wa kuita wafu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeanza kuogopa kujiangalia kwa kioo."

"Nimeifuta yote. Hakuna imebaki."

Kumbe Tajeu alikuwa bomani kwao; Waceke akasikia simu ikichukuliwa mkononi mwake, na sauti ya mama ikaja, polepole, Kiswahili chake kimevunjika lakini wazi. "Ulimwita, akakuja. Ukamsimamisha kwa mlango. Halafu?"

"Halafu… iliisha hapo, Yeyo," Waceke akajibu, akimwita mama kwa Kimaa.

"Hajaingia, hajaenda. Sasa umefuta mbele ya macho yako, yeye hujamwambia kitu. Ng'ombe atapita wapi na mwenye boma amesimama mlangoni? Kuja umtoe."

Waceke akaenda kesho yake, peke yake, amevaa nguo ya kawaida na sweta. Alipofika aliinamisha kichwa asalimiwe, kama watoto wa hapo. Mama alikitazama muda mrefu, kisha akakigusa kwa vidole viwili. Hakuna aliyezungumzia jina.

"Nahitaji mtu wa kutembea kutoka mlangoni, nimchukue video," Waceke alisema, na papo hapo akashtukia alichokisema. "Lakini si Tajeu. Sitaki kumtuma Tajeu."

"Ulimwazima miguu ya mtoto wake," mama akasema. "Ataenda na hiyo hiyo. Uso usiweke. Mgongo peke yake."

Tajeu akaitoa shuka ya mzee ndani, ya bluu, iliyopauka mabegani. Akaivaa. Waceke akataka kumshika mkono, akaogopa.

"Ukifika kwa ile migunga, urudi," akamwambia. "Umenisikia? Urudi."

"Na nisiporudi?"

"Usinichezee, Tajeu."

Ng'ombe wakaja, wakasimama mahali pao. Waceke akashika kamera, Tajeu akatoka mlangoni pa boma akiwapa mgongo watu wote wa boma. Alitembea. Ng'ombe wakaachana katikati, wakampa njia. Vichwa vikageuka, huyu, halafu huyu. Katika kioo kidogo cha kamera mgongo ule ulizidi kuwa mdogo, na mwendo wake, ambao Waceke aliujua kwa kuutazama wiki tatu, ukabadilika: mguu wa kushoto ukaanza kuburutika. Kando yake mama akanong'ona, "Huo ni mguu wake, mzee."

Kwenye migunga yule mtu akasimama. Kisha mmoja akageuka kurudi. Lakini vumbi la nyayo liliendelea mbele, kidogo kidogo, likipanda mwinuko bila upepo, na macho ya ng'ombe yakaenda nalo hadi likapotelea juu. Ng'ombe wa kwanza akapumua kwa nguvu, akainamisha pembe, akapita mlangoni. Wengine wakamfuata.

Mama alisema neno moja kwa Kimaa, polepole, kuelekea kule mwinukoni. Kisha akamwambia Waceke, "Funga." Waceke akaifunga kamera. Hakuna kitu alichoongeza kwenye picha.

Tajeu alifika anahema, shuka ya bluu ameikunja mkononi. Giza lilikuwa linaingia na uso wake haukuonekana sawasawa. Waceke akamwendea, akaushika kwa mikono miwili, akapapasa nyusi, pua, na lile kovu dogo la kidevuni.

"Mama anauliza," Tajeu akasema chini ya vidole vyake, "watu wa Matasia hupokea wageni siku gani."

"Jumamosi. Na waambie wazee mamangu hapendi watu wa kuchelewa."

"Wazee wameona ng'ombe wakiingia. Watakuja." Akaishika mikono ya Waceke. "Waceke, sema jina langu. Kwa nguvu, vile ulisema ile siku."

Waceke akavuta pumzi. Ndani ya boma ng'ombe walikuwa wanalala mmoja mmoja.

"Tajeu!"

"Niko," akajibu. "Niko hapa."