Tovuti ya Ng'ambo Ilivyonichafua

"Mwache mwanangu, mwizi wa waume wewe!"

Mama mkwe wangu mtarajiwa alinisukumia simu usoni mbele ya wateja. Jamani, nilikuwa na pini mdomoni, nampima bibi harusi. Nusura nizimeze!

Kwenye simu... picha yangu! Nimevaa gauni jekundu, na chini yake tovuti fulani imeandika: "Fundi huyu huwashonea maharusi magauni, kisha hulala na waume zao."

Uongo mtupu!

"Mpaka uchafu huu ufutwe, hakuna harusi!" Akaondoka. Bibi harusi naye akavua gauni, akamfuata.

Nikamkimbilia wakili. Akawaandikia wenye tovuti. Wakajibu: "Tuko ng'ambo. Sheria zenu hazituhusu."

"Ndiyo basi tena?" nikauliza huku nalia.

"Basi nini? Wanaosoma wako hapa, jina lililochafuliwa liko hapa. Mahakama ya hapa inaweza kusikiliza. Kazi ni kumpata mwenyewe. Humjui?"

Nikaitazama tena ile picha... Lile gauni!

Gauni lile halipo tena duniani. Nililishona, bega likapinda, nikalijaribu mara moja tu chumbani kwangu, nikalifumua palepale. Aliyeliona ni mtu mmoja, niliyempigia simu ya video anishauri kuhusu lile bega.

Dada yangu! Anaishi ng'ambo. Ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Nikampigia.

"Dada, ile tovuti ni yako?"

Akacheka.

"Usikasirike, mdogo wangu. Ni biashara tu. Habari yako imesomwa kuliko zote."

"Harusi yangu inavunjika! Ifute, nakuomba."

"Wanaume wamejaa tele. Na ukitaka kunishtaki, utanipatia wapi? Mimi niko mbali."

Akakata. Nililia mpaka sauti ikakauka. Dada wa tumbo moja!

Kesho yake wakili akaniuliza, "Ana mali yoyote hapa nchini?"

"Ana nyumba."

"Safi! Tuiombe mahakama izuie isiuzwe. Tukishinda, fidia itatoka hapo. Nani anaishi humo?"

"Mimi. Na cherehani zangu."

Akaweka kalamu chini. "Unajua maana yake?"

Nilijua: nyumba ikiuzwa, nami natoka. Nikasaini.

Zuio la mahakama lilipomfikia dada, picha ilifutwa siku hiyohiyo! Ujumbe wake ukaingia: "Nimeshafuta. Na wewe futa kesi, sisi ni damu moja."

Kesi sikuifuta. Nilikuwa nafunga cherehani zangu, nahamia chumba cha kupanga; sikutaka kuishi kwa mtu ninayemshtaki.

Mama mkwe alikuja kuomba radhi. Nilimpa kiti, nikamsikiliza. Harusi bado naifikiria.

Wapendwa, mtu akiwatambia kwamba sheria ya kwenu haimfikii aliko, muulizeni ameacha nini nyumbani. Dada yangu aliacha nyumba na mdogo wake. Nyumba ndiyo iliyomtisha.