Ukurasa Ulioitika

Minza, karani wa mapokezi katika zahanati, alibonyeza kitufe cha kompyuta cha kumpeleka mgonjwa kwa daktari, na ukurasa uliofunguka haukuwa wa daktari. Ulikuwa mweusi, hauna pa kuandika, na katikati lilikaa jina la mgonjwa, mzee Gabriel wa Muze. Chini yake neno moja: Nipo.

Akampigia simu Isdori, kijana aliyeitengeneza programu hiyo. Isdori akacheka. Zahanati ile ya Sumbawanga ilikuwa na kompyuta moja, na programu ilikuwa na kurasa tatu tu: Mapokezi, Daktari na Dawa. Wa nne ungetoka wapi? Hata hivyo alikwenda, maana aliionea fahari kazi yake, na mkewe Bertila, mwenye mimba kubwa, alikuwa akihudhuria kliniki hapo hapo.

Aliwakuta watu wamejibana ukutani. Mzee Gabriel alikuwa kwenye benchi, macho wazi, akiitwa hageuki. Ila kila alipoitwa, sauti yake iliitika naam kutoka stoo ya dawa, na stoo ilikuwa na kufuli. Wanawe walimbeba, wakarudi naye Muze bila kuuliza kitu.

Isdori alijua kosa liko wapi, na kulijua kulimtoa jasho katika baridi ile ya Juni. Ukitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, jina la mgonjwa lazima lifuate. Fundi makini angeufundisha kila ukurasa umwite mwenzake mmoja anayejulikana na kumkabidhi jina. Yeye, kwa kujifanya mjanja, aliona hiyo ni kazi ndefu; akaacha ukurasa utangaze jina hewani, na wowote utakaoitika ndio ufunguke na kulichukua.

Jioni alimsimulia mama yake, Josefina, aliyekuwa akisonga ugali wa ulezi. Mwiko ukasimama sufuriani. Mama huyo alikuwa amemkataza tangu utoto kulipaza jina la mtu uwandani bila kumwona anayemwita. Waliokuwa machungani walipigiana mluzi tu.

"Umelitupa jina la mtu kwenye upepo, mwanangu, ukasema yeyote aitike," alinong'ona.

"Kesho naifuta, mama."

"Ukifunga mlango, aliyekwisha kuingia atatokea wapi?"

Asubuhi alimsihi Bertila asitoke nyumbani, akaenda peke yake. Alipoifungua tu programu, kurasa zilianza kubadilishana zenyewe, Mapokezi, Daktari, Dawa, Mapokezi, bila mkono wa mtu kwenye kipanya, na kipanya kikigotagota mezani kama kidole kinachogonga dirisha, na harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ikatoka kwenye kompyuta ikajaa chumbani ilhali mvua ilikwisha tangu Aprili, mpaka ukurasa mweusi ukafunguka na katikati yake likakaa jina ambalo yeye mwenyewe aliliandikisha siku mkewe alipoanza kliniki. Akachomoa waya. Skrini haikuzimika. Nipo, ilisema.

Alikimbia hadi nyumbani. Bertila alikuwa amekaa kwenye kigoda, sinia la maharage mapajani, vidole vimesimama katikati ya kuchambua. Isdori akamwita. Mkewe hakuinua macho. Sauti yake iliitika abee kutoka kwenye kihenge cha mahindi. Isdori akalia mbele ya mama yake bila aibu.

Mchana Minza alimleta mjomba wake, mganga Mboje, mfugaji wa Kisukuma. Isdori alimpa shikamoo. Mboje alifukiza dawa kila kona, kisha akamweleza taratibu: amshike mkewe, amtazame usoni, amwite. Bertila akiwahi kuitika kwa kinywa chake, amerudi. Kile kinachoitika kwa sauti yake kikimwahi, basi, harudi tena.

"Babu, nikishindwa?"

"Wewe mwite, mjukuu wangu."

Isdori akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye tumbo la mkewe. "Bertila."

Abee ikatoka mlangoni, haikutoka tena kihengeni, na midomo ya Bertila ilikuwa imetikisika, wote waliona, kwa hiyo akaita tena kwa matumaini yaliyomuumiza kifuani, na abee ya pili ikatokea nyuma ya kigoda huku machozi yakimtiririka Bertila kwenye uso usiosogea, na Isdori, asiyejua tena kama anamwokoa mkewe au anakielekeza kile kitu njia, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akamwita mara ya tatu karibu kabisa na sikio, na kukawa kimya, kimya kirefu, hadi Mboje akaanza kutabasamu.

"Abee."

Ilitoka tumboni, chini ya kiganja chake. Kisha mtoto akapiga teke.

Mboje alikusanya vibuyu vyake, akaondoka bila kuaga. Bertila alikuwa ameanza tena kuchambua maharage, akauliza kwa sauti yake halisi kwa nini watu wanamtazama. Isdori aliondoa kiganja tumboni mwake. Mimba ilikuwa inakaribia kutimia, na mtoto akizaliwa ingebidi apewe jina, kisha aitwe.