Kidaka cha Bi Wanu

Jumamosi asubuhi Mlandege ilifurika watu. Asila alijipenyeza kati yao, buibui jeusi, mtandio wa rangi ya zabibu, akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu mwenye kofia ya viua, vumbi la saruji limemganda mikononi.

"Una chokaa?" aliuliza Asila.

"Nna saruji," alijibu Mbarouk. "Chokaa walijengea mababu."

"Na nyumba zao bado zimesimama. Njoo alasiri kwa bibi yangu, Mji Mkongwe. Tuna Siku ya Nyumba Baridi, tunafundishana kujenga nyumba isiyotaka feni."

"Nkija ntapata nini?"

"Upepo."

Mbarouk alicheka, lakini alasiri alikwenda. Njiani jua lilimchoma shingo. Alipovuka kizingiti cha Bi Wanu, bibi yake Asila, akahisi kama aliyeingia msikitini: ubaridi, utulivu, na mwanga mchache ukishuka kutoka ua wa ndani. Asila aliwaeleza majirani namna ua ule unavyopandisha juu hewa ya moto, na namna maji ya mvua ya darini yanavyoteremshwa kwenye birika, tangi lililo chini ya sakafu. Kisha akawaambia waweke viganja ukutani.

"Ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa," alisema. "Unakunywa unyevu, unautoa. Unapumua kama sisi."

Mbarouk aliweka kiganja chake. Ubaridi ulimpanda hadi kwenye kiwiko. Aliuza vifaa vya ujenzi tangu utotoni, na hakuna siku aliyowahi kuufikiria ukuta kuwa na pumzi.

"Subhanallah," alisema taratibu, na Asila akamtazama mara ya pili.

Kuanzia hapo simu zao hazikupoa.

"Umekula, laazizi?" aliuliza Mbarouk.

"Nshakula. Wewe je?"

"Nnakula maneno yako tangu asubuhi."

"Ndiyo maana unakonda."

Bi Wanu naye alimpenda kijana yule kwa adabu yake. Ndiyo maana Asila alipokwenda Uroa kuwafundisha wanakijiji kuvuna maji ya mvua, na yeye Bi Wanu akaalikwa harusini Jang'ombe, alimwachia Mbarouk ufunguo.

"Kuna ufa sebuleni," alimwambia. "Nizibie."

Mbarouk aliuziba. Kisha mapenzi yakamtuma zaidi. Ukutani palikuwa na kidaka, shubaka dogo lililonakshiwa maua ya chokaa, ambamo Bi Wanu aliweka msahafu wake. Maua yalikuwa yameanza kumomonyoka. Mbarouk aliona aibu mwanamke mtu mzima kuishi na ukuta wenye makovu. Akatia udhu, akauviringisha msahafu katika kanga safi, akauweka juu ya kabati. Kidaka akakijaza mawe, na ukuta mzima akaupiga saruji, laini kama sahani.

Asila alirudi, akauona. Simu ililia dukani.

"Mbarouk, kidaka kiko wapi?"

"Nimekutengenezea ukuta mpya, roho yangu. Umeupenda?"

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanisikiliza kwa adabu tu. Ukirudi dukani unanicheka."

"Asila, mimi..."

"Usinipigie tena."

Mbarouk aliiweka simu mezani. Alidhani ameonewa haya, yeye muuza saruji wa Mlandege. Hakumpigia, na Asila akauona ukimya ule kama jibu. Kila mmoja aliomba juu ya msala wake, na kila mmoja alimtaja mwenziwe.

Zikaja mvua za masika. Bi Wanu ndiye aliyepiga simu.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba. Ukuta wangu unatoka jasho kama mpishi wa biriani. Njoo."

Alikwenda. Kila alasiri baada ya sala alibandua saruji kidogo kidogo kwa tindo, kisha akachanganya chokaa iliyoloweshwa mpaka ikawa laini kama samli. Asila hakujua. Alikuwa akikaa kwa wazazi wake Jang'ombe, akikwepa kuuona ukuta ule. Ila Siku ya Nyumba Baridi ilipofika tena, aliamua kuwapeleka wageni wake palepale, wajionee namna saruji inavyouzuia ukuta wa chokaa pumzi.

Alifungua mlango, watu nyuma yake. Mbarouk alikuwa amepiga magoti, kanzu imekunjwa kiunoni, mikono myeupe hadi viwikoni. Kidaka kilikuwa wazi.

"Bi Asila," alisema Mbarouk kwa sauti ndogo, "kabla hujawafundisha, hebu tia mkono ndani. Papasa juu, pasipoonekana."

Asila alitia mkono. Juu kabisa, ndani ya chokaa kavu, vidole vyake viliingia katika mifuo minne. Zilikuwa alama za vidole vya fundi aliyekilainisha kidaka kile, mtu ambaye hakuna tena anayelikumbuka jina lake.

"Vidole vyake," alinong'ona.

"Nilivigusa nilipoondoa mawe. Nkalia. Alijenga mahali pa Qur'ani, akalainisha hata pale ambapo Mungu peke yake angepaona. Na mimi nkapaziba."

Wageni walipanga mstari, wakatia mikono mmoja mmoja. Bi Wanu, aliyeishi na kidaka kile maisha yake yote bila kujua, aligusa mwisho, akafumba macho.

Asila alitazama ukingo. Ua moja lilikuwa jipya.

"Hili umelifanya wewe?"

"Ndiyo."

"Limepinda."

"Najua. Ntalirudia."

"Usilirudie."

Mbarouk alifuta mikono kwenye kitambaa, akaifuta tena ingawa ilishakauka. "Ami yangu Himid anataka kuja Ijumaa, kuzungumza na wazee wako. Nimwambie aje, au akae kwake?"

Asila alivuta mtandio, lakini tabasamu lilishaonekana.

"Aje hapa kwa Bibi," alisema. "Ila mwambie asiegemee ukuta. Chokaa bado mbichi."