Sahihi ya Fundi Saa

Bunda la mwisho la karatasi ngumu ya kaki lilikuwa kwenye rafu ya juu, na mikono miwili, wa mwanamke na wa mwanamume, ililidaka kwa pamoja. Shule zilikuwa zinafunguliwa, duka la vifaa vya ofisi limefurika wazazi, watu wanakanyagana bila hata kuombana radhi.

"Kaka, mimi nimelishika kwanza," alisema yule mwanamke. Alikuwa mshonaji, tena hakuhitaji kujitambulisha: gauni la kijani limemkaa sawasawa, na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Wewe dada umeligusa tu. Kulishika nimelishika mimi."

"Unataka kufungia nini?"

"Sifungii kitu. Nasokota bomba la..." Akasita, maana ukitaja fataki dukani watu hukukimbia. "Ni mchezo wangu tu."

Mshonaji alimtazama vidole, akaona madoa meusi, akaangua kicheko. "Kumbe tuko wawili. Mimi nataka kuunda chemchemi, zile za kumwaga cheche bila kulipuka. Natazama picha zake tu, sina wa kunifundisha."

Wakaligawana lile bunda. Jumamosi iliyofuata yule mwanamume, ambaye alikuwa fundi saa, alimpeleka kwenye chama chao: watu saba wenye kibali, wanaokutana mchana kwenye chumba juu ya kiwanda cha uchapaji, kuchora fataki ndogondogo na kubishana. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa kemia, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mchoro hautengenezwi mpaka mwanachama mwingine ausome na kuutia sahihi.

Mapenzi yakaanza, tena kwa kasi. Simu hazikauki, na fundi saa akabandikwa jina la Dakika.

"Dakika, uko wapi?"

"Kazini, Bibie. Nimefungua saa ya mtu, vipande vimejaa mezani."

"Vifunike basi, unisikilize mimi."

Na kweli alivifunika. Mteja atajiju.

Wiki ya kumi, mshonaji alileta mchoro wake wa kwanza. Alikuwa ameukeshea siku kumi na nne. Fundi saa akausoma, na alipofika kwenye uzi wa kuwashia akarudia kuusoma. Uzi ulikuwa mfupi. Mwashaji asingepata muda wa kusogea mbali. Akafungua kinywa aseme, akainua macho, akamkuta mwenzake anamtazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Safi," alisema, akatia sahihi. Moyoni alijiambia, siku ya majaribio nitawasha mimi, miguu yangu ni myepesi. Eti hayo ndiyo mapenzi. Mimi nayaita woga.

Siku ikafika. Uwanja wa kokoto nje ya mji, jua kali, wanachama wamesimama nyuma ya kamba. Mshonaji alikuwa amepiga magoti mbele ya chemchemi yake, miwani ya kinga usoni.

"Nipe mimi niwashe," alisema fundi saa.

"Kwa nini? Si yangu?"

"Bibie, nakuomba."

Mshonaji akamwangalia jasho linavyomtiririka, akaangalia mkono ulionyooshwa, kisha akaushusha uso taratibu mpaka kwenye uzi. Akaupima kwa kidole.

"Uliona," alisema. "Uliona, na ukatia sahihi."

"Nilikusudia niwashe mwenyewe."

"Yaani uungue wewe, mimi nikuuguze nikidhani ni bahati mbaya? Na kama leo ungeamka na homa usije? Mikono hii ndiyo inayomlisha mama yangu."

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Moyo ningeuponya. Vidole ningevitoa wapi?"

Mwenyekiti alimnyang'anya fundi saa haki ya kusoma michoro kwa mwezi mzima. Hilo alilistahimili. Lililomuuma ni simu: alipiga mara kumi na moja, ya kumi na mbili ikapokewa. "Fundi, usinipigie tena." Fundi. Siyo Dakika.

Wiki ya tano baada ya majaribio, Alhamisi, adhabu imeshaisha, alikuwa peke yake kwenye chumba cha chama, mshonaji akaingia na pini zimejaa kolani. Alitandaza mchoro mezani bila salamu.

"Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Nimemwahidi chemchemi mbili mlangoni pa ukumbi, na ukoo mzima unajua. Wenzako wote wamesafiri na Mwenyekiti. Utengenezaji lazima uanze leo. Soma."

Akasoma. Uzi ulikuwa sawa. Akasoma tena. Feni ilizunguka, mshonaji akigongagonga kisigino sakafuni.

"Tia basi, nimeukagua mara kumi."

"Kitako ni chembamba. Upepo ukipita, chemchemi itawaangukia wageni."

"Upepo gani huko?"

"Ni mlangoni, Bibie."

"Dakika, tafadhali. Mdogo wangu atalia."

Wiki tano alikuwa analililia jina hilo. Mkono wenyewe uliisogelea karatasi. Akafunika kalamu, akaiweka mfukoni.

"Na alie. Sitii sahihi."

Mshonaji alikwapua mchoro akatoka, mlango ukabamizwa nyuma yake. Fundi saa akabaki kajishika kichwa. Alijua amempoteza, safari hii moja kwa moja. Simu ikaita.

"Bado uko juu?"

"Niko."

"Niko hapa ngazini. Nimepima upya, kitako ni chembamba kweli. Muda wa kuchora kingine sina. Nimempigia mdogo wangu, amelia."

"Pole."

"Amenitukana pia."

"Pole sana."

Akamsikia akivuta pumzi. "Mama atataka kujua nani kamharibia mwanawe harusi."

"Mwambie ni mimi."

"Utamwambia mwenyewe. Jumamosi utakaa meza ya familia. Akiniuliza wewe ni nani, nitamjibu ndiye atakayenioa. Kama hutaki, sema sasa hivi, na useme kweli."

"Nataka," alisema fundi saa, na alikuwa ameshafika mlangoni.