Injini Iliyompenda Mke

Kila asubuhi dereva wa boti na mkewe walivusha watu mtoni. Mke aligawa majaketi ya kuokolea. Mume alisimama kwenye usukani na kuzungusha ufunguo.

Tk! Kimya. Akarudia. Tk!

"Mpishe shemeji!" abiria mmoja alipaza sauti. "Injini ina mwenyewe hiyo!"

Mkewe akaketi juu ya sanduku la betri, kama kawaida yake. Akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Watu wakapiga makofi. Dereva alicheka nao, lakini wivu ulimwasha kama pilipili jichoni.

Jioni alimuuliza mkewe, "Unaifanyia nini injini yangu?"

"Naiwasha tu."

"Mbona mimi inaninunia?"

"Labda na wewe umeinunia."

"Basi kesho baki nyumbani!"

Kesho yake injini iliwaka. Dereva akatamba. Lakini katikati ya mto magugu yalinasa kwenye panga la injini linalosukuma boti. Akazima, akayatoa, akazungusha ufunguo. Tk! Maji yakaisukuma boti kuelekea kwenye mawe. Abiria walishika makasia, wakapiga kwa nguvu zote hadi ng'ambo.

"Tuna watoto sisi!" mama mmoja alifoka. "Usipoitengeneza, tunahamia boti nyingine."

Dereva alirudi mdogo kama sisimizi. Mkewe hakumsuta. Alimwita jirani yao, fundi umeme.

"Nitanunua stata mpya ya kuwashia injini," dereva alisema.

"Pole pole, kaka. Kwanza nionyeshe mnavyowasha."

Dereva alisimama. Tk! Mkewe akaketi. Ikanguruma.

"Zima, dada. Sasa washa ukiwa umesimama."

Tk!

"Hata wewe imekukataa!" Dereva nusura aruke kwa furaha.

Fundi alicheka, akafungua sanduku. "Haimpendi mtu. Dada akikaa, kifuniko kinagandamiza waya, umeme unapita. Akiinuka, waya unalegea: mara uguse, mara usiguse. Tazama unga huu mweupe kwenye vichwa vya betri. Nao unazuia umeme."

"Nifanyeje?"

"Zima kila kitu. Usivute sigara hapa, betri hutoa hewa inayolipuka. Waya wa hasi utoe kwanza, uurudishe mwisho. Sugua vichwa kwa brashi ya waya mpaka ving'ae. Kaza kwa spana, siyo kwa vidole. Kisha paka grisi. Na kila mwezi uangalie tena."

Dereva alisugua mwenyewe, jasho likimtiririka. Akakaza, akapaka grisi. Akasimama, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara moja. Akazima, akawasha tena na tena, kama mtoto aliyepata filimbi.

Asubuhi abiria walijaa. Yule mama alikaa karibu na makasia, macho yakiwa kwa dereva.

"Mpishe shemeji!" sauti ileile ilitania.

Dereva akampa mkewe ufunguo. "Ila usikae," alisema.

Mkewe akawasha akiwa amesimama. Injini ikanguruma, watu wakapiga makofi.

Safari hii dereva alipiga kwa nguvu kuliko wote.